Mgeni Mpe Jembe: Uanagenzi wa Uwakili, Ajira na Nafasi ya Kiswahili

Waswahili wana msemo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu msemo huu hutumiwa kumkumbusha mgeni asipitishe kiasi katika kula na kulala. Hata hivyo, una upande wa pili usiotajwa sana. Mwenyeji naye ana wajibu wa kutoa jembe, na mgeni anayelishika vyema huacha kuwa mgeni. Ni vigumu kupata mahali ambapo maana hii ya pili hudhihirika zaidi kuliko katika afisi za mawakili nchini Kenya, ambako wahitimu wa sheria huingia kama wanagenzi kwa matumaini ya kubaki kama waajiriwa. Baadhi yao hutoka na barua ya ajira mkononi. Wengine hutoka na barua ya shukrani, na safari ya kubisha hodi kwingine huanza upya.

Je, tofauti kati ya makundi haya mawili husababishwa na nini? Jibu linalosikika mara nyingi katika mabweni na mikahawa ya vyuo ni kwamba mwenye mjomba ndiye apataye kazi. Jibu hili lina chembe ya ukweli ambayo itakuwa unafiki kuikana. Lakini likichukuliwa kuwa jibu zima, huwapumbaza vijana na kuwafanya wakae kitako wakisubiri mjomba asiyekuwepo. Makala haya yanadai mambo mawili. Kwanza, ajira ya mwanagenzi huamuliwa na kazi ndogondogo ambazo wengi huzidharau. Pili, miongoni mwa kazi hizo, kubwa zaidi na inayopuuzwa zaidi ni kazi ya lugha, hasa Kiswahili. Kwa sababu hiyo, suala hili halimhusu mwanafunzi wa sheria pekee. Linamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili na mhadhiri wake.

Njia ya Uwakili

Ni vyema kwanza kuieleza njia yenyewe, kwani wasomaji wengi wa jarida hili wametoka katika vitivo vingine. Anayetaka kuwa wakili nchini Kenya husoma shahada ya sheria kwa miaka 4, kisha hujiunga na Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi. Mafunzo ya huko huchukua miezi 18, na miezi 6 kati ya hiyo hutumika katika uanagenzi chini ya wakili mwenye tajriba ya miaka isiyopungua 5. Baada ya kufaulu mitihani na kukamilisha uanagenzi, mhitimu huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake huingizwa katika orodha ya mawakili.

Mtu angedhani kwamba siku ya kuapishwa ndiyo siku ya uhuru. Sivyo. Sheria ya Mawakili, katika kifungu cha 32, inamzuia wakili mpya kufungua afisi yake mwenyewe kabla hajafanya kazi ya mshahara kwa miaka 2 mfululizo. Anaweza kuifanya kazi hiyo katika afisi ya Mwanasheria Mkuu, ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, katika shirika lililoidhinishwa, au kwa wakili aliyekomaa katika taaluma. Kwa maneno mengine, wakili mpya asiyeajiriwa ana joho lakini hana kiti. Hapa ndipo uzito wa ile miezi 6 unapoonekana. Afisi aliyofanyia uanagenzi ndiyo mlango ulio karibu naye zaidi, na wenye mlango wamekwisha kumwona akifanya kazi. Mlango huo ukifungwa, atalazimika kwenda kwa watu wasiomjua, akiwa na karatasi zinazofanana na za wenzake wote.

Kazi Ndogo, Hukumu Kubwa

Wanagenzi wengi huingia afisini wakiwa na picha ya wakili aliyesimama mahakamani akinguruma. Hukuta meza iliyojaa faili, rejista, na karani mzee anayejua kila sajala ya mahakama na kila dirisha lake. Baadhi huona wameshushwa hadhi. Hunung'unika wakitumwa kufuatilia faili, kuwasilisha nyaraka, kunakili tarehe za kesi katika shajara. Hawatambui kwamba mtihani wao umeanza.

Tazama suala la muda. Katika kesi za madai, mshtakiwa aliyejitokeza rasmi huwa na siku 14 za kuwasilisha utetezi wake. Anayetaka kukata rufaa kutoka mahakama ya chini hadi Mahakama Kuu ana siku 30. Madai yanayotokana na mkataba huisha nguvu baada ya miaka 6, ya madhara kama vile ajali baada ya miaka 3, na ya kudai ardhi baada ya miaka 12. Tarehe moja iliyoandikwa vibaya katika shajara inaweza kumpokonya mjane shamba lake, na kuiletea afisi kesi ya uzembe. Basi wakili anapompa mwanagenzi shajara, hampi kazi ya utumishi. Anampa ufunguo wa nyumba, akitazama kama utapotea.

Hali ni iyo hiyo katika suala la siri. Sheria ya Ushahidi hulinda mazungumzo ya mteja na wakili wake, na ulinzi huo huwafikia makarani na wakalimani pia. Mwanagenzi anayesimulia kesi za watu katika matatu, hata asipotaja majina, amekwisha kujiandikia barua ya kuondoka. Vilevile, kuna suala la kukiri kutojua. Wakili mwenye busara hamtarajii mwanagenzi ajue kila kitu, ila humtarajia aulize kabla ya kuharibu, na aulize akiwa amekwisha kutafuta. Anayesema, "Nimesoma vifungu hivi viwili, naona vinagongana, ni kipi kinachotawala?" huonekana mwenzi kazini. Anayesema tu, "Sikuelewa," huonekana mzigo.

Mwisho wa yote, kuna jambo ambalo adabu yetu huwazuia wengi kulifanya, nalo ni kuomba. Mwanagenzi anayengoja siku ya mwisho ili aone kama ataambiwa abaki amechelewa. Katika mwezi wa 4 hivi, ni haki yake kumwendea msimamizi wake kwa heshima, akiwa na orodha ya kazi alizofanya, na kuuliza mambo matatu: ni wapi anakofanya vyema, ni wapi anakopwaya, na kama afisi ina nia ya kuajiri. Kuomba hivi si ukosefu wa haya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huku hakumvunjii mtu heshima.

Mlango wa Mteja

Hadi hapa msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza: yote haya yanahusianaje na taaluma yetu? Yanahusiana sana. Afisi ya wakili huishi kwa mteja, na mteja wa Kenya, hasa yule wa afisi ndogo za Nakuru, Machakos, Kisii au Malindi, haji na Kiingereza cha vitabu vya sheria. Huja na Kiswahili, au na lugha yake ya kwanza iliyochanganywa na Kiswahili. Huja na kisa kinachoanzia kwa babu yake, kikapitia kwa shangazi, kikafika kwenye mpaka wa shamba baada ya nusu saa. Nyaraka za wakili, kwa upande mwingine, huandikwa kwa Kiingereza. Kwa miongo mingi sheria za mwenendo wa kesi zimetenga Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, huku mahakama za chini zikiruhusiwa kutumia Kiingereza au Kiswahili. Kati ya kisa cha mteja na waraka wa mahakama pana mto, na afisi humhitaji mvushaji.

Mvushaji huyo, mara nyingi, huwa ni mwanagenzi. Ndiye anayeketishwa na mteja ili aandike maelezo yake. Ndiye anayemsomea hati ya kiapo kabla ya kuitia sahihi au kidole gumba. Hati ya kiapo si barua ya kawaida, kwani anayeapa uongo hutenda kosa la jinai. Basi mteja akitia kidole kwenye maneno asiyoyaelewa kwa sababu mfasiri wake alibabaisha, ni nani aliyesema uongo?

Wapo watakaosema kwamba kila Mkenya anajua Kiswahili, kwa hiyo hapana ujuzi wowote hapa. Dai hili ndilo limeidhulumu taaluma yetu kwa muda mrefu. Kujua kuzungumza sokoni si kujua kufasiri sheria. Mifano michache itatosha.

Neno "dhamana" hutumiwa katika mahakama zetu kwa mambo tofauti. Kuna dhamana ya pesa taslimu, ambapo fedha hulipwa mahakamani na mshtakiwa huachiliwa. Kuna pia dhamana ya mdhamini, ambapo mtu mwingine huweka ahadi, na pengine hati ya shamba, kwamba mshtakiwa atafika siku ya kesi. Mama anayeambiwa, "Mwanao amepewa dhamana ya shilingi laki 2," bila ufafanuzi, anaweza kuuza ng'ombe wake wote ili kutafuta fedha ambazo hakuna aliyezidai.

Chukua pia "hati miliki" na "hakimiliki". Ya kwanza ni cheti cha shamba, ya pili ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake. Herufi chache tu zinawatenganisha mkulima na mwandishi. Au chukua "mshukiwa", "mshtakiwa" na "mfungwa", ambayo vyombo vya habari huyachanganya kana kwamba ni majina matatu ya mtu mmoja. Wa kwanza anadhaniwa tu, wa pili amefunguliwa mashtaka, na wa tatu amehukumiwa. Anayemwita mshukiwa mfungwa amemhukumu kabla ya hakimu.

Lililo hatari zaidi ni tamko "kesi imetupwa". Mteja akilisikia hurudi nyumbani akichinja mbuzi. Lakini upande wa mashtaka ukiiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kabla ya mshtakiwa kujitetea, mshtakiwa huyo huachiliwa tu. Anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilo hilo. Hali ni tofauti na ya yule ambaye mahakama imemwona hana hatia. Kwa Kiswahili makini tungesema wa kwanza ameondolewa mashtaka, wa pili ameondolewa hatia. Mwanagenzi anayeweza kumweleza mteja tofauti hii kwa sentensi mbili zilizo wazi ameiepushia afisi lawama, na amemwepusha mteja na mshtuko wa kukamatwa tena akiwa bado anasherehekea.

"Ni Kweli, Lakini..."

Huenda mfano ulio mzito kuliko yote ni ule wa kukiri kosa. Mnamo 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo katika mahakama za Kenya. Mashtaka na viambajengo vyake vyote lazima yaelezwe kwa mshtakiwa katika lugha yake mwenyewe au lugha anayoielewa. Jibu lake lazima liandikwe, kadiri inavyowezekana, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha upande wa mashtaka husimulia mambo yalivyokuwa, na mshtakiwa hupewa nafasi ya kuyapinga au kuongeza maelezo. Akiyapinga, au akitoa maelezo yanayoonyesha kwamba hakukiri kwa kweli, ni lazima irekodiwe kwamba amekana.

Hebu tufikirie mshtakiwa anayejibu, "Ni kweli nilimpiga, lakini alinijia na panga." Kwa sikio lisilo makini, mtu huyu amekiri. Kwa sikio la mwanafunzi wa lugha, kiunganishi "lakini" kimebeba utetezi mzima wa kujihami. Mkalimani akikitupa kiunganishi hicho, amemtupa mtu gerezani. Ni darasa gani la sarufi lililopata kuonyesha uzito wa kiunganishi namna hii?

Katiba ya 2010 imeupa msingi huu nguvu zaidi. Ibara ya 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi. Ahadi hizi ni nzuri mno. Lakini ahadi hazijitekelezi, na katiba haifasiri. Wanaofasiri ni watu, na watu hao lazima wafunzwe mahali fulani.

Mapingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba afisi kubwa za Nairobi huishi kwa mikataba ya benki, ununuzi wa kampuni na usuluhishi wa kimataifa, na huko Kiingereza ndicho mfalme. Hili ni kweli. Mwanagenzi asiyeweza kuandika Kiingereza safi cha kisheria hataajiriwa huko, hata akiwa malenga. Makala haya hayasemi Kiswahili kichukue nafasi ya ujuzi mwingine. Yanasema kwamba palipo na wanagenzi 5 wanaolingana kwa Kiingereza na kwa alama, yule wa 6 ambaye wateja humwuliza kwa jina wanapopiga simu ana jambo la ziada ambalo wenzake hawana. Isitoshe, afisi kubwa si nchi nzima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Huenda mwanagenzi hodari wa Kiswahili akafanywa mkalimani wa bure, akavusha watu mtoni miezi 6, kisha akaambiwa kwaheri. Hatari hii ipo. Afisi zinazowapa wanagenzi kazi za mawakili na ujira wa wageni zinapaswa kukemewa, tena bila kumung'unya maneno. Mwanagenzi hula, hulipa nauli na kodi ya nyumba kama watu wengine. Uanagenzi usiolipwa huwachuja watu kwa mifuko ya wazazi wao, si kwa uwezo wao, na yule kijana aliyetegemea ujuzi wake kwa kuwa hana mjomba ndiye huanguka kwanza. Mwenyeji anayempa mgeni jembe kila msimu na kumnyima hata gunzi la mavuno hana haki ya kuitumia methali tuliyoanza nayo. Ndiyo maana yale mazungumzo ya mwezi wa 4 yana umuhimu: humfunulia mwanagenzi mapema kama analima shamba lenye mavuno au la.

Wajibu wa Idara za Kiswahili

Ikiwa hoja hizi zina mashiko, idara zetu zina la kufanya. Katika vyuo vingi kitivo cha sheria na idara ya Kiswahili ni majirani wasiopigana hodi. Mwanafunzi wa sheria anaweza kuhitimu bila kuandika hata ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na mwanafunzi wa tafsiri anaweza kuhitimu bila kuona hati ya mashtaka. Kozi moja ya pamoja, ambamo wa sheria na wa lugha wanafasiri hati ya kiapo ileile na kukosoana, ingewafaa wote wawili. Tanzania ilibadilisha sheria mnamo 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya haijafika huko, lakini wanaongoja sheria ibadilike ndipo waanze kufunza watajikuta na sheria isiyo na watu.

Wanafunzi wa fasihi nao wasijitoe. Wengi wao wamesoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1969. Kesi ya humo huamuliwa kwa kusoma mkataba neno kwa neno: ulitaja nyama, haukutaja damu. Usomaji wa aina hiyo ndio ambao wanafunzi wa fasihi hufunzwa kila muhula, kuuliza kilichosemwa, kisichosemwa, na kinachodokezwa. Ujuzi huo una soko katika afisi za mawakili, iwapo wenye ujuzi watathubutu kwenda kuomba nafasi za mazoezi huko badala ya kuelekea shuleni na katika vyombo vya habari peke yake.

Hitimisho

Mwanagenzi hapati ajira kwa sababu amekaa miezi 6. Huipata kwa kuwa katika miezi hiyo afisi ilifika mahali pa kuona ugumu wa kufanya kazi bila yeye. Shajara iliyotunzwa, siri iliyohifadhiwa, swali lililoulizwa kwa wakati, na mteja aliyerudi nyumbani akiwa ameelewa kesi yake mwenyewe, hayo ndiyo yanayomjengea kiti. La mwisho kati ya hayo haliwezekani bila lugha. Kila siku ya kazi, katika mahakama fulani ya nchi hii, kuna mtu anayesema, "Ni kweli, lakini..." Iwapo karibu naye pana kijana aliyefunzwa kulisikia neno la mwisho, kijana huyo anastahili kuajiriwa, na mtu huyo anastahili kusikizwa.